Mstari wa Mtaa wa Juu

Mdogo wangu alikuwa mkono wa birika, si wa pesa bali wa maneno. Utotoni, mama akimtuma dukani na kumuuliza kwa nini amechelewa, alijibu "Foleni," akaweka chumvi mezani na kwenda zake. Ningetumwa mimi, dada yake, mama angeipata foleni nzima: nani alisimama mbele ya nani, nani alijifanya hamwoni mwenzake, na muuza duka alivyokosea chenji. Majirani walisema mama yetu alizaa redio na kabati. Redio ni mimi, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Siku ya harusi yake walimpa nafasi ya kuwashukuru wageni, akasimama, akasema, "Asanteni. Kuleni." Wageni wakacheka mpaka wakapaliwa, na mkewe akacheka pamoja nao. Siku hiyo bado ilikuwa kichekesho.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa shirika la maji. Yeye alikuja hapohapo miaka kadhaa baadaye, akiwa mwandishi wa programu, maana yake mtu anayeiandikia kompyuta maagizo ya kufuata. Programu aliyokabidhiwa ilikuwa ya mgao. Kila asubuhi ilisoma kina cha maji kwenye matangi, ikatoa ratiba: valvu ya mtaa huu ifunguliwe saa ngapi, ya mtaa ule ifungwe saa ngapi. Mafundi wa valvu walichukua karatasi hiyo, wakapanda baiskeli zao, na mji ukanywa au ukakosa kulingana na ilivyoandikwa. Mikutanoni, meneja akianza kuzunguka mbuyu, mdogo wangu alikuwa akimkatiza: "Kwa kifupi?" Basi jina likamganda. Mpaka mlinzi wa getini alimwita Kwa Kifupi.

Mwenzake wa chumba cha kompyuta alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Hotuba. Huyo akikuuliza hali, ujue unaweka mkoba chini. Hotuba ndiye aliyeandika programu ya kwanza ya mgao, kwa Cobol, lugha ya wazee wenzake.

Maana kompyuta nazo zina lugha, tena chungu nzima, na kila lugha ina tabia yake. Siku moja umeme ulikuwa umekatika ukarudi, mitambo inajivuta kuwaka, na vijana wakaanzisha ubishi: lugha ipi inasema jambo lilelile kwa maneno machache kuliko nyingine? Wakachagua kazi ndogo, kutafuta wastani wa kina cha maji kwenye matangi yote. Mimi nilikuwa nimepeleka barua za kusainiwa, nikajipa ruhusa ya kukaa.

Hotuba alianza. Cobol inaandikwa kwa sentensi kamili, zenye kitenzi, na mwisho nukta. Ukiigeuza Kiswahili inasomeka hivi: chukua kina cha tangi hili, kiongeze kwenye jumla, gawanya jumla kwa idadi ya matangi, upate wastani. Hata mimi niliielewa. Lakini kabla ya kufika hapo mzee alijaza ukurasa mzima wa utambulisho: programu inaitwaje, inatumia nini, kila namba ina tarakimu ngapi. Kijana mwingine akaandika kwa Java, ikachukua kama nusu ukurasa, maana Java nayo haikuachi uongee hivihivi. Lazima kwanza useme uko darasa gani na nani anaruhusiwa kukuona. Wa tatu akaja na Python, mistari michache, safi, inasomeka. Watu wakadhani ubishi umekwisha.

Mdogo wangu akainuka. Lugha yake iliitwa J. Herufi moja, hata jina waliliona gharama. Akabonyeza alama nne na kurudi kitini. Kwenye kioo palikuwa na alama ya kujumlisha, mkwaju, asilimia na reli: +/%#.

"Kwa kifupi," akasema, "wastani."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Hotuba naye akacheka, mzee wa watu. Kisha akasogeza miwani na kuinama mbele ya kioo.

"Na atakayekuja atajuaje ulichokusudia?"

"Atasoma."

"Asome nini, bwana wee? Hiki ni kikohozi!"

Lakini kikohozi ndicho kilichoshinda. Mdogo wangu aliiandika upya programu yote ya mgao kwa J, na kile kilichokuwa rundo la karatasi za Hotuba kikaingia kwenye ukurasa mmoja na kuacha nafasi ya pembeni. Wakubwa waliutembeza ukurasa huo kwa wageni. Hotuba akabaki anahesabu siku zake za kustaafu, na siku ya kuaga alikuja dawatini kwa mdogo wangu, mbele yetu sote, na ombi moja.

"Mwanangu, umenishinda, sina kinyongo. Lakini niwekee maelezo humo ndani. Neno mojamoja tu kando ya mstari, linaloeleza kwa nini umefanya hivi."

"Maelezo ni ya wasiojua kusoma," akajibu mdogo wangu.

Wengine walicheka. Mimi damu ilinichemka. Mzee amekumiminia chai, amekufundisha ofisi, leo anaondoka na boksi lake mkononi na wewe unamvunjia heshima? Nikamshika mdogo wangu mkono chini ya meza na kuubana, kama nilivyokuwa nikimbana kanisani tukiwa wadogo. Akapiga ukelele wa mtu aliyeungua. Nilipouachia mkono nikauona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu: viungo vya vidole vimevimba, kidole cha shahada kimeanza kuelekea pembeni.

Nikamvuta hadi kwenye korido.

"Hii imeanza lini?"

"Zamani."

"Zamani ya lini? Niongelee kama mtu!"

"Tangu Java," akasema.

Ilikuwa baridi yabisi, ile inayokula viungo kimyakimya. Alipokuwa akiandika Java, kila ukurasa ulimwacha na mikono inayowaka moto, akawa anailoweka kwenye maji ya vuguvugu chooni, mlango umefungwa. Akahamia Python akapata nafuu kidogo. Kisha akaipata J. Watu walimwona anajionyesha ujanja, kumbe alikuwa anakwepa maumivu. Herufi ambayo hakuiandika ilikuwa herufi ambayo haikumuuma. Na Hotuba alipoomba neno mojamoja kando ya kila mstari, hakujua anaomba nini. Nilimwambia mdogo wangu amfuate mzee amweleze. Akaitikia kwa kichwa, na hakwenda. Baadaye tukasikia Hotuba amefariki nyumbani kwa binti yake.

Mkewe aliondoka bila ugomvi. Alinipigia simu mimi kwanza. "Wifi," akasema, "mimi simchukii. Nimechoka kuishi na mtu ninayemkisia. Anaumwa, nakisia. Ana furaha, nakisia. Hata mganga anaulizwa akajibu." Alimweleza mumewe jioni nzima kwa nini anaondoka, na mumewe akajibu, "Sawa." Moyo wangu ulikuwa upande wa wifi yangu na ulikuwa upande wa ndugu yangu, na sikujua niuweke wapi. Mwishowe nilichukua nguo zake na kompyuta yake, nikamleta kwangu, mtaa wa juu. Vifungo vya shati vilishamshinda. Nilimfungia mimi, kama zamani.

Wakati huo nilikuwa nimestaafu, na shirika lilikuwa na meneja mpya, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti. Alimwita mdogo wangu ofisini, akanikubalia nami niingie kwa kuwa ndimi niliyembebea mkoba.

"Kaka," akasema, "programu yako ikikwama kesho na wewe uko hospitali, nani ataigusa?"

Mdogo wangu akatazama magoti yake.

"Nimewaonyesha vijana wangu wote. Hakuna anayeweza kuisoma. Iandike upya kwa Python, iwe wazi, na kila kitu kiwe na sababu yake. Ukimaliza kabla mvua hazijaisha, unabaki nayo mpaka utakapochoka mwenyewe. Ukishindwa, tutanunua ya wengine, na wewe itabidi upumzike kwa ajili ya afya."

Mke alikuwa hana tena. Mikono ndiyo ile. Kilichobaki chake duniani kilikuwa ule ukurasa mmoja, na kila asubuhi mji ulikuwa bado unakunywa kwa maagizo yake.

"Sawa," akasema.

Kuandika mwenyewe kulishashindikana. Alikuwa anaikamata kalamu kwa ngumi na kudonoa vitufe kwa ncha yake, na akifika katikati ya mstari jasho linamtoka. Tukajaribu simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Aliitamkia mkwaju, simu ikaandika neno mkwaju, kwa ukamilifu wake. Aliitamkia nukta pacha, simu ikamtafutia watoto mapacha. Nikaizima, nikavuta kiti. Maisha yangu yote nilikuwa nimepiga chapa barua za watu wasio na la kusema, na vidole vyangu, Mungu ashukuriwe, bado vilikuwa vyepesi.

Basi kila alasiri tulikaa meza ya jikoni. Upande mmoja wa kioo kulikuwa na J yake, upande wa pili Python tupu ikisubiri. Aliutazama mstari wake wa alama, akaufikiri, kisha akaanza kusema, nami nikaandika. Na kwa kuwa sasa kila kitu kilipaswa kuwa na jina, akawa anakipa jina: kina cha tangi la mashariki, muda wa kufungua valvu, mtaa unaofuata. Alama zake tano zilizaa aya nzima. Kwa kila mtaa katika mitaa yote, kama tangi lake limeshuka chini ya kiwango, punguza muda. Niliipiga kama barua, bila kusimama.

"Nimekuwa Hotuba," akasema siku moja, uso umekunjamana.

"Afadhali. Hotuba alikuwa anaaga watu."

Alicheka. Ni miaka sikuwa nimemsikia akicheka. Nitasema wazi, alasiri zile nilikuwa na furaha ya kijinga. Mtu aliyeninyima maneno tangu utoto alikuwa ananiambia kila alichofikiri, hata kama alifikiri matangi tu. Mvua inapiga bati, chai inapoa, na mimi sitaki tufike mwisho.

Tulikwama karibu na mwisho. Palikuwa na mstari mrefu kuliko mingine, na ndani yake namba tatu. Alama zote alinisomea bila tabu: hii inapanga, hii inagawanya, hii inachagua kubwa. Alipozifikia namba akanyamaza.

"Hizi ni za nini?" nikauliza.

"Ngoja."

Nikangoja. Chai ikafanya utando.

"Toa huo mstari, tuone," akasema.

Nikautoa, tukaiendesha programu. Ratiba ikatoka nzuri, isipokuwa mtaa wa juu ulikuwa mtupu. Hata saa moja ya maji haukupewa. Nikaurudisha, mtaa wa juu ukapata maji yake. Mtaa wa juu ndiko kwetu. Mstari ule ndio uliokuwa ukinijazia ndoo kila asubuhi bila mimi kujua.

"Kumbe una kazi," nikasema.

"Una kazi."

"Sasa namba zimetoka wapi?"

"Kuna siku nilipanda huku na fundi wa valvu. Alipima kitu."

"Alipima nini?"

Akafumba macho. Hakikumjia. Fundi mwenyewe tulishamzika.

Siku zilizofuata alizikalia zile namba tatu. Alizigawanya, akazizidisha, akanituma masjala nikatafute ramani za mabomba, na ramani zikawa za zamani kuliko sisi. Usiku nilimsikia anazitaja chumbani kwake, moja baada ya nyingine. Mvua zikaanza kupungua. Siku moja uvumilivu ukaniishia.

"Ungeandika neno moja!" nikamfokea. "Neno moja tu, mwanaume wewe! Kimo, au bomba, au hata jina la marehemu! Lingekupunguzia nini?"

Akaiweka mikono yake juu ya meza, ile mikono iliyojikunja, tukaitazama wote wawili.

"Neno lilikuwa linauma, dada," akasema.

Nikavuta kompyuta karibu.

Tulizihamisha namba kama zilivyo, tukaziita namba ya kwanza, ya pili na ya tatu, na tukaenda kwa meneja. Chumba kilikuwa kilekile cha ubishi wa zamani, kimepakwa rangi upya. Meneja alikaa mbele na vijana wake nyuma, na programu ikaonyeshwa ukutani. Binti mmoja mwerevu ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti, na aliisoma bila kukwama. "Mzee, hii ni nzuri!" akasema mara mbili, na sikuona kejeli ndani yake. Mdogo wangu alikaa wima. Nilianza kuamini. Nikawa napanga kichwani alasiri zetu nyingine, marekebisho mengine, chai nyingine.

Binti akafika kwenye namba.

"Mzee, hizi tatu ni za nini? Tunataka tujue tukibadilisha mabomba tuzibadilishe vipi."

Hapo ndugu yangu akaanza kuzungumza. Alisema mgao ni jambo pana linalohitaji kutazamwa kwa upana wake. Alisema maji yana tabia, na milima nayo ina tabia, na mtaalamu hana budi kuzingatia pande zote. Akarudi kwenye historia ya shirika. Akamtaja Hotuba, Mungu amrehemu, na mchango wake mkubwa. Akasema namba hizo zinapaswa kueleweka katika muktadha, akaeleza muktadha ni nini. Aliongea na kuongea, mikono ameificha chini ya meza, na vijana wakaacha kuandika. Maisha yake yote hakuwahi kusema kitu kirefu namna ile. Nilikuwa nimengoja tangu utoto nimsikie hivyo, na sasa nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie. Siku zote akikijua kitu, alikisema kwa neno moja. Nikajua, na nadhani meneja naye alijua.

Alimwacha amalize. Hakumkatiza hata mara moja.

"Ahsante sana, kaka," akasema meneja. "Tumekusikia."

Binti akafunga kompyuta taratibu, bila kututazama.

Njiani kurudi sikumsemesha mpaka tulipoona paa la nyumba.

"Zile namba," nikasema. "Kwa kifupi?"

"Sijui," akasema mdogo wangu, na machozi yakamtoka, akashindwa kuyafuta. Nikamfuta mimi kwa kanga.

Programu mpya ililetwa na watu waliovaa tai. Wiki ileile bomba letu lilikohoa, likatema matone ya kutu, likakauka. Niliwapigia simu vijana wa shirika nikawaomba wauchukue ule mstari, namba zake na yote. Wakanijibu kwa heshima kwamba ya kisasa haipokei namba isiyojulikana ilikotoka. Meneja mwenyewe alipanda kuja kututazama, akajaribu bomba, akatuahidi. Ni mtu mwema, naamini anajaribu. Watu wa mtaa wa juu sasa tunashuka na ndoo hadi kwenye bomba la chini, na wanaojua kazi ya ndugu yangu wanamsalimia kwa ufupi.

Yeye hukaa jikoni karibu na bomba, ameegemeza sikio. Kwa muda mrefu hakutaka kompyuta ifunguliwe. Juzi tu, ndoo nimeshazikusanya mlangoni, akaniita.

"Dada. Kaa kidogo."

Nikakaa. Akaniomba nifungue ule ukurasa wake wa zamani, wa J. Shirika limeshaufuta, nakala iliyobaki ni hii ya meza yetu. Akanielekeza kwenye mstari wenye namba tatu, na pembeni yake akaniambia niweke alama ambayo sikuwahi kuiona kwenye kazi zake. Ukiiweka, kompyuta inayaruka maneno yanayofuata, kwa kuwa ni ya binadamu. Kisha akasema taratibu, nami nikaandika:

"Mstari huu unapeleka maji mtaa wa juu. Namba hizi tulizipata mimi na fundi wa valvu, kwa kupanda wenyewe kwa miguu. Siku ile nilijua sababu. Sikuiandika kwa kuwa mikono ilikuwa inaniuma, na nilidhani nitaikumbuka."

Nikasubiri.

"Niongeze nini?"

"Basi."

"Na atausoma nani, mdogo wangu? Hakuna anayeutumia tena."

Akaligeukia bomba.

"Atakayekuja," akasema.

Nikaweka nukta, nikahifadhi, nikachukua ndoo.